Shahidi wa Ndege Arobaini na Wawili

Nakutegea, na usikimbilie kujibu. Nina wageni hawabishi hodi, hawaombi maji, hawalali kitandani, na siku wakiondoka ndipo ninapogundua kwamba wenye nyumba walikuwa wao na mgeni nilikuwa mimi. Ukishindwa sitakudai mji. Miji niliyopewa na walioshindwa inatosha kufanya mkoa.

Ni ndege. Si kuku, kuku ana bwana. Nasema ndege wa kuja wenyewe, wanaotua uani kwako bila kuulizwa kabila.

Asubuhi ya mambo haya nilikuwa darini, kama ilivyo kawaida yangu. Nyumba yangu ni tembe, dari lake ni bapa, la udongo, na juu yake nimeweka kigoda changu na kikombe cha chai ya tangawizi. Nilikuwa nahesabu. Tetere kumi na mmoja kwenye ua wa minyaa. Hudihudi mmoja anachokoa ardhi taratibu kama fundi saa. Kwezi wanne, wanang'aa kama waliopakwa mafuta, wanamgombania tandu. Tipitipi nilimsikia tu huko bondeni, na sauti nayo naihesabu.

Shomoro hawakuwepo. Wala mnana. Upande wa kusini, kwa wifi yangu Mbeleje, palikuwa kimya kabisa.

Nikajua kuna jambo kabla Jicho halijasema. Silisemi hili kwa kujisifu. Jicho lina macho kumi na mawili ya kioo, mimi ninayo mawili na moja lina ukungu. Lakini mimi humtazama na yule ambaye hajaja, na hilo bado hawajalifundisha.

Jicho ni chombo cha ukubwa wa mtungi wa maji, kimesimikwa juu ya mlingoti pale kwangu, na kila kitongoji kina lake. Linaona joto la ndege kama wewe unavyoona rangi ya shati. Linazihesabu pumzi zake akiwa tawini. Linajua mzima anavyokishika kichwa na mgonjwa anavyokilegeza, kwa sababu limeonyeshwa picha za ndege wagonjwa laki kadhaa, wa nchi nyingi. Tuliwekewa baada ya Kikohozi, miaka tisa iliyopita, ule ugonjwa ulioanza kwa ndege ukaishia kwa watoto. Tulizika. Hapa sitahesabu.

Basi Jicho likiona ndege wengi wako chini kwa pamoja, hupeleka habari Kituoni, mjini. Kituo kina vyombo vya kuruka, sisi tunaviita nzige. Jua likizama, ndege wakiwa wamerudi kulala, nzige hao huja na kumwaga unga. Unga haumdhuru mtu wala mbuzi. Ndege akiuvuta hulala, na haamki. Kilomita tano kila upande.

Ila mashine haiachiwi peke yake. Sheria inataka shahidi, mtu wa hapo hapo, aende akaone kwa macho yake kisha aseme ndiyo au hapana. Asipojibu mpaka jua kuzama, inahesabiwa amesema ndiyo. Siku niliposomewa sheria hiyo nilimwuliza bwana aliyeileta: ni nani huyo anayekubali akiwa amefumba mdomo? Alikunja karatasi zake akaniambia nitie sahihi.

Shahidi wa Chinyika Ndogo, nyumba saba, ni mimi, Sechelela. Na usidhani mimi ni mtu wa kulia kwa ajili ya shomoro. Nimeshasema ndiyo mara moja, mwaka wa pili baada ya Kikohozi, na nilisema kweli. Nilishika kwa mkono wangu ndege kumi na wawili wagonjwa. Unga ukamwagwa, watoto wakapona. Msimu uliofuata viwavi wakala mtama wote, kwa sababu hakuwepo wa kuwala wao. Tulikula mizizi. Asubuhi zilikuwa kimya mpaka mtu unajikohoza ili usikie kitu.

Sauti ikatoka mlingotini, sauti ya binti wa mjini asiye na haraka. Ndege arobaini na wawili wako chini, nyumba namba nne. Uwezekano wa Kikohozi, tisini na mbili kwa mia. Shahidi athibitishe kabla ya jua kuzama.

Nikaimaliza chai yangu. Haikuwa na sababu ya kupoa.

*

Nilivaa glavu na barakoa, nikachukua kikapu chenye mfuniko na kisanduku cha vipimo. Njiani nikapiga kelele kila nyumba ifungie kuku na watoto wasitoke. Hakuna aliyeniuliza kwa nini. Jicho likisema jambo kama hilo, linasikika mpaka kisimani.

Nyuma ya jiko la wifi kuna mwamba bapa. Juu ya mwamba huo na kuuzunguka walilala ndege kama nguo zilizoangushwa na upepo kutoka kambani. Shomoro, mnana, tetere wawili watatu. Mbawa zimefunguka, midomo iko wazi. Nikasema moyoni, Kikohozi kimerudi.

Kisha mnana mmoja wa manjano akasimama. Akatembea hatua tatu za upande, akakalia makalio, akaimba nusu ya wimbo wake, akaanguka kifudifudi.

Mimi Kikohozi nimekiona. Mgonjwa wa Kikohozi haimbi.

Nikainama. Harufu ilipita hata kwenye barakoa: chachu. Nikageuka, na nyuma ya mlango wa jiko nikaona jicho moja la wifi yangu linanichungulia.

Nilimwuliza alichomwaga pale mwambani. Kwanza alisema hakumwaga kitu. Kisha akasema labda pumba. Kisha akasema machicha, lakini kidogo tu, na mikono yake ikionyesha kidogo hicho ilikuwa imefunguka kama anayembeba ndama. Juzi yake watu wote walikuwa wamekwenda kumkandikia Mzee Ndahani dari lake jipya, na watu wa kukandika dari hawanyweshwi maji. Wifi ndiye aliyepika pombe ya mtama. Na kwa ukoo wa mume wangu, ambao ndio ukoo wa wifi, machicha ya pombe ya kazi hayazikwi. Marehemu mama mkwe alituapisha wote wawili: yatandazwe juu ya mwamba, ndege wale washibe, wauache mtama unaotia maziwa. Kituo kiliagiza mabaki yote yafukiwe shimoni. Wifi aliijua amri hiyo, na hakufukia. Mimi nilijua kwamba hafukii, maana na mimi nilikuwa sifukii.

"Kwa hiyo nimewaua?" akaniuliza.

"Umewalewesha."

Akakaa kizingitini, akajifunika uso kwa khanga. Nilidhani analia. Mabega yalivyotikisika nikajua anacheka.

Ndege akilewa, joto lake hushuka, pumzi huchelewa, kichwa kinalegea. Ni dalili zile zile, moja baada ya nyingine. Jicho halikudanganya hata kidogo, liliona lilichofundishwa. Huko lilikosomea hakuna mwamba wa mama mkwe.

Tulifanya kazi pamoja. Nilimpa glavu na barakoa zangu za akiba, tukawaokota mmoja mmoja, tukawalaza kwenye nyungo chini ya kivuli cha ghala, tukawadondoshea maji kwa ncha ya jani. Wifi hawezi kufanya kazi akiwa kimya.

"Mwone huyu," alisema, akimnyanyua shomoro dume. "Amelala kama marehemu kaka yangu."

"Kaka yako alikuwa anakoroma."

"Alikuwa anakoroma kwako. Kwetu alikuwa mtoto mtulivu."

Saa saba mchana wa kwanza akaamka, tetere, akatazama huku na huku kama mzee aliyesinzia kanisani akazindushwa na amina. Akajikung'uta, akaenda zake. Baada yake ikawa kama maharage yanayopasuka juani: huyu, yule, watatu kwa mpigo. Nilikuwa nahesabu kwa sauti na wifi anaitikia. Thelathini. Thelathini na wanane. Arobaini na mmoja.

Wifi akatandaza mikono, akasema kazi imekwisha, twende tukale.

Kwenye ungo wa mwisho alibaki mmoja.

*

Alikuwa kwezi. Nilikumbuka kwamba huyu hatukumwokota mwambani. Tulimkuta peke yake chini ya kichaka cha mtumbaku-mwitu, hatua kama ishirini kutoka kwa wenzake. Nilimshika. Kifuko cha chakula kilichoko shingoni kilikuwa kitupu, hakuna hata punje. Kope zilivimba. Shingo ilikuwa ikijipinda polepole kuelekea nyuma, inarudi, inajipinda tena. Hakuwa na harufu ya chachu.

Nikatoa kijikaratasi cha kupimia, nikamgusisha kooni, nikahesabu mpaka sitini. Kikageuka zambarau, rangi ya Kikohozi. Nikatoa cha pili. Zambarau.

Nilimmaliza kwa mkono wangu, haraka, ili asiteseke. Nikamfukia shimoni kwa chokaa, karatasi zote mbili nikazitia kwenye kichupa na kukifunga. Glavu nikazichoma. Kisha nikapiga simu Kituoni.

Aliyekuwa zamu ni Daktari Heriel, kijana mwenye adabu, tunajuana kwa sauti tu. Aliniamkia, nikampa habari ya machicha, akacheka mpaka akaomba radhi. Aliniambia miaka minne ya masomo na hakuna aliyewahi kumtajia ndege mlevi. Kisha nikampa habari ya kwezi. Kicheko kikakatika.

Alinieleza polepole, kama anayesoma kitu asichokipenda. Ukurasa wa majibu una vitufe viwili, ndiyo na hapana. Hauna pa kuandika mmoja. Na kwa sheria mgonjwa mmoja aliyethibitishwa anatosha kuwa ndiyo. Sheria iliandikwa mwaka wa mazishi, alisema, na watu wa mwaka ule hawakuwa na subira ya kuhesabu.

Kisha akashusha sauti.

"Bibi, simu hii ikikatika sasa hivi, mimi nitakuwa nimesikia habari ya machicha tu."

Nilimwelewa. Alikuwa ananifungulia mlango, na alifanya hivyo kwa wema. Nikamshukuru, nikakata simu mimi mwenyewe.

Wifi alikuwa amesimama nyuma yangu na sahani mbili za ugali. "Hapana ni neno fupi," alisema. "Liseme, tule."

Sasa sikiliza nilivyopima, ili usije ukadhani nilibahatisha. Kikohozi huenea kwa ndege wanaolala tawi moja. Kwezi hulala kwa makundi, na kundi la hapa, ambalo siku zote ni la wanne, nililihesabu asubuhi: wote wanne, wanamgombania tandu. Wagonjwa hawagombani. Huyu aliyekufa hakuwa wa kundi langu. Alikuwa mpita njia aliyeanguka kwetu. Na kama aliambukiza ndege mwingine njiani, yule aliyeambukizwa angeanguka ndani ya siku tatu, hazizidi. Kwa upande wa pili, mtama ulikuwa unatia maziwa, na kwenye majani nilishaanza kuwaona viwavi wadogo wa kijani. Unga ukimwagwa, tungerudi kwenye mizizi.

Nilikuwa na uhakika. Tisa kwa kumi nilikuwa na uhakika, na katika kazi hii kumi haipo.

Lakini ile moja iliyobaki haikuwa yangu. Mimi ni mzee, nimeshakula chumvi yangu, na Kikohozi hakitaki wazee. Ile moja ilikuwa mtoto wa mtu. Ningesema hapana na kunyamaza, ningekuwa nimewawekea watu kitu chini ya mto bila wao kujua, na kwenda kulala vizuri.

Nikala ugali wangu. Njaa haimpi mtu akili. Kisha nikamwambia wifi azunguke nyumba zote aite watu wazima, saa kumi, nje kwa Mzee Ndahani.

"Kwa Ndahani?" alisema. "Wifi, kati ya watu wote?"

"Ndiyo sababu."

*

Mzee Ndahani alikuwa rafiki wa mume wangu, kwa hiyo tunaitana shemeji. Mwaka wa Kikohozi alimzika Foibe, binti yake wa pekee, aliyekuwa ametoka kujifungua, mwili bado dhaifu. Alibakiwa na mjukuu, Sayuni. Tangu hapo hanyanyui macho. Ndege wakianza kuimba alfajiri anafungua redio kwa sauti kubwa. Nimepita kwake miaka tisa na sijawahi kumwona akimfukuza ndege, sijawahi pia kumwona akimtazama.

Watu walikuja. Nilisimama mbali kidogo nao, barakoa usoni, kichupa mkononi. Nikawaambia yote. Nilianza na machicha, na nikasema kwamba hata mimi huyatandaza, kwa hiyo asije mtu akamcheka Mbeleje peke yake. Walicheka kidogo. Nikaja kwenye kwezi, wakaacha.

Nikaeleza ile tisa na ile moja. Nikasema Kituo kinangoja neno langu tu, lakini siwezi kulitoa juu ya vichwa vyao wakiwa hawajui.

Maneno yakawa mengi. Mmoja alisema sheria ni sheria, tumwage unga tulale. Mwingine akamwuliza kama mwaka ule wa viwavi yeye alikuwa anakula sheria. Mama mmoja mwenye mtoto wa wiki sita hakungoja mwisho. Alimfunga mwanawe mgongoni akaelekea kwa mama yake ng'ambo ya mlima. Watu wakaanza kumteta. Nikawaambia wamwache, amefanya kilicho sawa kwake.

Mzee Ndahani alikuwa amekaa kwenye gogo, anatazama kidole chake cha mguu. Kisha akanyanyua kichwa.

"Shemeji," alisema. "Mbona hukusema hapana ukaenda zako? Mimi nisingejua."

"Ndiyo maana sikusema."

Aliomba kichupa. Nikakiweka chini, nikarudi nyuma, naye akakiokota akakishika juani. Zile karatasi mbili za zambarau zilikuwa ndogo kama maganda ya karanga.

"Na ukisema ndiyo?"

"Mjukuu wako atakuwa salama, kwa upande wa ndege. Mwakani atakula tulichokula mwaka ule."

"Hiyo moja katika kumi. Iko wapi?"

"Inalala nyumbani kwako," nikasema. "Kila nyumba yenye mtoto, lakini kwako zaidi, kwa sababu wewe umeshatoa. Ndiyo nimekuja kukuomba. Ukikataa nitasema ndiyo, na kesho nitakuletea maziwa kama kawaida. Sitakununia."

Aliingia ndani. Alikaa muda. Kivuli cha mlingoti wa Jicho, kule kwangu, kilikuwa kimeshafika ng'ambo ya njia, na wifi alikuwa ananivuta khanga. Kupitia mlango uliokuwa wazi tulimsikia mzee akimwuliza Sayuni kama ameshakula, na mtoto akajibu kwamba amekula na bado anataka.

Alipotoka alikuwa na masharti. Siku tatu, watoto ndani, kuku ndani. Mabaki yote shimoni, na hapo alimtazama Mbeleje, na machicha pia, mama mkwe atasamehe huko aliko. Mimi nitatazama siku zote tatu nikiwa juu ya dari lake yeye, sio langu. Akianguka wa pili, nitasema ndiyo pale pale, yeye akiwa amesimama anasikia.

"Akianguka wa pili," nikamjibu, "sitangoja jua."

"Basi nenda kaseme," alisema, na wengine wote wakaitikia, hata yule wa sheria ni sheria.

Nilifika mlingotini jua likiwa limebaki upana wa kiganja. Nikataja jina langu. Nikasema: ndege arobaini na mmoja walilewa machicha, wameamka, mmoja, kwezi, alikuwa mgonjwa kweli, nimemuua na kumfukia, watu wa nyumba saba wameambiwa, nyumba sita zimekubali kungoja siku tatu, mama mmoja amehama na mwanawe. Kama kuna kosa, ni langu.

Sauti ya binti wa mjini ikasema jibu halijatambuliwa. Ndiyo au hapana.

"Hapana," nikasema. "Na hayo mengine yaandike pembeni."

Kisha taa yake ikageuka kijani. Jua likazama, na mbinguni hakukuwa na kitu isipokuwa yangeyange tisa waliochelewa, wanakwenda kulala.

*

Dari la Mzee Ndahani lilikuwa bado linanuka udongo mbichi. Siku ya kwanza nilikaa juu peke yangu. Kuanzia alfajiri mpaka giza nilihesabu, na kila saa nilishuka nusu ya ngazi nikamtangazia namba. Redio haikufunguliwa.

Siku ya pili alipanda. Alisema amekuja kuangalia kama udongo umepasuka. Akaukagua muda mrefu kuliko unavyokaguliwa udongo. Kisha akakaa. Wale kwezi wanne walipita wakatua kwenye mgunga wake, nikamwonyesha, nikamwambia hao ndio jamaa za kuangaliwa. Akawatazama. Mchana wote hakuwaacha, na mmoja alipokawia kurudi jioni yeye ndiye aliyeuliza yuko wapi. Kwezi huyo alirudi.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, kitu kilianguka uani. Puu, kama embe bovu.

Tuliinama wote kwenye ukingo wa dari. Tetere. Alilala chali karibu na mlango, bawa moja limefunguka, na nyuma ya dirisha la chumba cha ng'ambo ya ua tulimwona Sayuni amebandika pua kwenye kioo.

Nilishika ngazi. Mzee Ndahani akanishika mkono.

"Nipe hizo glavu," alisema.

Nilimwambia hiyo ni kazi ya shahidi. Akasema kama nitasema ndiyo, hataki kuambiwa, anataka kuona. Nikampa. Alishuka, akapiga magoti, akamwokota yule ndege kwa mikono miwili kama mtu anayeokota kaa la moto. Nilimwelekeza kutoka juu: fungua mdomo, gusisha kooni, sasa hesabu mpaka sitini. Alihesabu kwa sauti. Watu walikuwa wameshatoka milangoni, wifi yangu mbele yao, kimya, na kwa Mbeleje kimya ni habari. Kwenye thelathini alisahau, akarudi ishirini na tano. Mimi mkono wangu ulikuwa tayari umeshika kidude cha kusemea na Jicho, nilichokuwa nimekichomoa mlingotini, na neno ndiyo lilikuwa mdomoni, kwa sababu nilikuwa nimeahidi, na ningelisema.

Sitini.

Karatasi ilikuwa nyeupe.

"Mgeuze," nikamwambia. "Mgongoni."

Akamgeuza, akapuliza manyoya. Kulikuwa na matundu manne, mekundu, mapya. Tukatazama juu. Mwewe alikuwa anazunguka taratibu juu ya mgunga, amekasirika, amenyang'anywa chakula chake na bahati mbaya.

Mzee Ndahani hakusimama. Alikaa pale pale chini, kwenye udongo, na tetere mapajani, na machozi yakamtoka bila sauti, mbele ya watu wote, bila kuyafuta. Wifi alikwenda akakaa karibu naye. Baadaye tulimfukia yule ndege shimoni kwa chokaa, ingawa hakuwa na ugonjwa, kwa sababu tulikuwa tumeahidi kufukia kila kitu.

Jioni siku tatu zilitimia. Nilikuwa nakusanya kigoda changu pale Daktari Heriel alipopiga simu, na wote waliokuwa uani walimsikia. Kamati ilikuwa ndiyo kwanza imesoma yale ya pembeni. Wamesema nilivunja utaratibu: niliwaambia watu kabla ya kulijibu Jicho, nikawauliza jambo lisilo na swali, nikasema hapana na mgonjwa nimemshika. Wamenivua ushahidi. Aliniomba radhi kama yeye ndiye kamati. Nikamwambia asijali, mtu huvuliwa alichovishwa, na macho yangu sikupewa na wao.

Kisha akasema anahitaji jina la shahidi mpya, sasa hivi, maana Jicho haliwezi kulala bila mtu.

Nilifungua mdomo. Mzee Ndahani alinyoosha mkono, nikampa simu.

"Andika nyumba saba," alisema.

Heriel akamwambia kwa heshima kwamba nafasi ni ya jina moja.

"Nimesikia. Una kalamu?"

Akaanza kuyataja. Nyumba ya kwanza, jina la baba, la mama, la kila mtoto. Nyumba ya pili. Alimtaja hata yule mama aliyehama, na mwanawe wa wiki sita. Alikuwa anakwenda polepole, kama mwalimu anayewasomea wanafunzi imla, na kila alipomaliza nyumba alingoja, na kwenye simu tukasikia kalamu inakwaruza. Alipofika nyumba yake alisema, Ndahani. Kisha akasema, Sayuni. Akalirudia hilo la pili, herufi kwa herufi, asije akalikosea.